Ukiiuliza ChatGPT kuhusu mgonjwa, sema kwenye kikao cha asubuhi

Madaktari wa upasuaji ninaofanya nao kazi hapa Moshi hawana kauli moja kuhusu ChatGPT na programu nyingine za akili mnemba za aina hiyo. Mabingwa wakubwa wengi hawataki hata kuzisikia. Wanasema upasuaji unafundishwa na mikono, na programu haijawahi kushika tumbo la mtu. Vijana wanazitumia, ila kwa kujificha, wakiogopa kuonekana hawajui kazi. Kwenye kuzitumia niko upande wa vijana. Kinachonitia hofu ni huko kujificha.

Usiku mmoja intani, yaani daktari aliye kwenye mafunzo kazini, alimpokea mzee kutoka upande wa Same, tumbo limevimba, siku tatu hapati choo wala hatoi hewa. Eksirei ilionyesha utumbo mpana umejisokota. Akaiuliza programu, ikamjibu: kwanza utumbo usokotolewe kwa kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa, operesheni ipangwe baadaye. Jibu hilo hata vitabuni lipo. Lakini tumbo la mzee lilikuwa gumu kama ubao, ukiligusa tu anashtuka kwa maumivu, na moyo unakwenda mbio. Dalili hizo zinakwambia utumbo huenda unaoza au umetoboka, na hapo hakuna cha kamera, ni thieta moja kwa moja. Intani hakuwa ameuandika ugumu wa tumbo kwenye simu yake, na programu haikumuuliza. Aliponipigia, alinieleza mpango ule kama wake. Ni pale nilipomuuliza, "Ukiligusa tumbo likoje, dokta?" ndipo mambo yakageuka. Mzee alifanyiwa operesheni usiku uleule, akapona. Angeniambia tangu mwanzo kwamba mpango ameutoa kwenye programu, swali langu la kwanza lingekuwa: umeiandikia nini?

Kwa hiyo mpime mgonjwa kwanza, andika kwenye faili unachodhani na unachotaka kufanya, kisha ndiyo uulize. Ukianza na programu, hata mkono wako utakwenda kutafuta kile ulichokwisha kuambiwa.

Dozi zote zihakiki kwenye mwongozo wa taifa wa matibabu, za watoto hasa. Na marejeo usiyaamini kabisa. Programu hizi hutunga makala ambazo hazipo, zikiwa na waandishi na mwaka. Nimeyakuta kwenye slaidi za rezidenti, daktari anayesomea ubingwa, tukatafuta PubMed, hazina ya makala za kitabibu mtandaoni, hola. Kwa wanaojiandaa na mitihani ya COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji chenye makao yake Arusha, nashauri muiambie programu iwaulize nyinyi maswali, si nyinyi kuiuliza.

Jina la mgonjwa lisiingie humo. Picha ya eksirei ina jina, umri na namba ya faili pale kwenye kona, na watu huipiga picha kwa simu ikatumwa hivyohivyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Ziba kona hiyo kabla ya kupiga picha.

Mahali programu hizi zimenisaidia kweli ni kwenye maandishi. Mgonjwa anayeruhusiwa akiwa na kifuko cha choo tumboni anahitaji maelezo atakayoyasoma nyumbani na mkewe, na sisi kwenye raundi huwa tunamweleza kwa haraka, tena tukiwa tumesimama. Niliomba rasimu ya Kiswahili chepesi, ikaja nzuri. Sista wa wodi akaipitia kwa kalamu. Alifuta mstari uliomtaka mgonjwa akamwone muuguzi maalumu wa vifuko, ambaye hatuna, akaandika afanye nini vifuko vikimwishia kijijini, na namba ya wodi. Karatasi hiyo tunaitumia mpaka leo, na kila tunapompa mtu tunamwomba aisome kwa sauti mbele yetu.

Kwenu mabingwa wenzangu: tukikataza, wataendelea kuuliza gizani. Kwenye kikao cha asubuhi mruhusuni intani aseme, "Niliiandikia hivi, ikajibu hivi, nikakubali hiki, nikakataa hiki kwa sababu hii," na asichekwe. Mkifanya hivyo mtajua ni nani amempima mgonjwa na ni nani amesoma simu tu, na huyo wa pili mtamrudisha wodini akampime upya kabla mgonjwa hajaandikiwa thieta.