Jibu: Mvinyo wa 1994 kwa wazee walioana mwaka huo

Ndugu, kwa vile wazee wako walioana 1994 na umeuliza uwatafutie mvinyo gani wa mwaka huo, mimi nasema port, ule mvinyo mtamu wa Ureno, lebo iwe imeandikwa vintage (yaani wa zabibu za mwaka mmoja), 1994 ulikuwa mwaka mzuri sana kule na port huongezwa spiriti kwa hivyo inastahimili miaka, mvinyo mwingi wa kawaida saa hizi ushaharibika kitambo. Kabla hujalipa angalia shingo ya chupa, ukiona mvinyo umeshuka hadi mabegani ama kizibo kinavuja, wachana nayo. Na hili joto letu la Mombasa, tafadhali usiiache kwenye gari! Ilaze pahali baridi, halafu siku moja kabla ya sherehe isimamishe mashapo yatulie, mkifungua mmimine polepole.