Jibu: Nani aliwajibika kwa fedha za kuijenga upya Iraq?

Mkuu, umeuliza kama kuna aliyewajibishwa kwa fedha za ujenzi mpya wa Iraq baada ya vita ya 2003. Wapo, ila wachache, na wengi wao ni watu wa chini.

Marekani iliunda ofisi ya mkaguzi maalumu, SIGIR, mwaka 2004, chini ya Stuart Bowen. Ripoti yake ya Januari 2005 ilisema utawala wa mpito wa Marekani nchini Iraq haukusimamia ipasavyo takriban dola bilioni 8.8 zilizopelekwa kwenye wizara za Iraq. Na hizo zilikuwa fedha za Wairaki wenyewe, nyingi za mafuta, siyo msaada! Halafu kuna gereza la Khan Bani Saad: takriban dola milioni 40 zikamwagwa pale, na halikupokea mfungwa hata mmoja.

Baadhi ya maafisa na makandarasi wa Kimarekani walifungwa kwa rushwa. Wakubwa waliopanga mfumo wenyewe? Hakuna aliyeguswa. SIGIR ilifungwa 2013. Kwa upande wa Iraq, fuatilia Tume ya Uadilifu, chombo cha kupambana na rushwa kilichoanzishwa 2004.