Jibu: Darasa la kwanza watafundishwa nini mpaka likizo fupi?

Dada, umeuliza mwanao aliyeanza darasa la kwanza hapa Dar atasoma nini nusu muhula huu, na kwa nini daftari lina "ba be bi bo bu" tu. Usiwe na wasiwasi, ndivyo inavyoanza.

Kazi kubwa sasa ni KKK: kusoma, kuandika, kuhesabu. Kwenye kusoma wanaanza na sauti za herufi, kisha silabi, kisha maneno mafupi kama "baba" na "kaka". Kinachowasumbua wengi ni silabi zenye konsonanti mbili au zaidi: mba, ngo, nya, cha. Hapo mitaani mna ubao wa bure. Mkiwa kituoni mwambie asome vibao vya daladala, Mbagala, Gongo la Mboto, silabi moja moja. Wangu alikwama kwenye "ng'" siku kadhaa, "ng'ombe" ikawa "ngombe", mpaka bibi yake akacheka.

Kuhesabu ni namba na kujumlisha kwa vitu. Mwalimu akiagiza visoda au vijiti, mpe, siyo uchafu huo.

Kiingereza nacho kipo tangu darasa la kwanza kwa mtaala ulioanza 2024, ila ni salamu na majina ya vitu. Afya na mazingira, michezo, mtaenda navyo taratibu.

Tuisheni ya jioni kwa mtoto wa miaka sita mimi siiungi mkono, aisee. Mwache alale. Ratiba kamili muombe mwalimu wa darasa.