Mbia Ameondoka, Maswali Yamebaki

SWALI: Dada, habari za kazi. Mimi ni mmoja wa wabia watano wa kampuni ya ukaguzi wa hesabu hapa Arusha, tuna wafanyakazi 34. Mwaka jana iligundulika kwamba mbia mwenzetu, mkubwa wetu kwa umri, alisaini hesabu za taasisi ya mikopo midogo miaka minne mfululizo, huku mwenyewe akiwa na mkopo wa taasisi hiyohiyo kwa riba ambayo mteja wa kawaida hapewi. Hakuutaja popote. Ameondoka. Tumeandika kanuni mpya za maadili, kila mtu amesaini, na semina ya siku mbili tumefanya. Lakini wateja wawili wametukimbia, na vijana wa ofisini wamenyamaza. Ukiuliza jambo kikaoni wanaangalia meza. Tumekosea wapi?

JIBU: Kaka, poleni sana. Kumwondoa mlifanya vema. Ila mwenzenu naye alikuwa na kanuni za maadili na fomu ya kila mwaka ya kuthibitisha uhuru wake kwa wateja, yaani kwamba hana maslahi binafsi kwao, na akasaini. Karatasi ya pili itawezaje kazi iliyoishinda ya kwanza?

Nakuletea kisa cha KPMG Afrika Kusini, tawi la kampuni kubwa ya ukaguzi ya kimataifa, kwa sababu wao walipita hapohapo mlipo. Septemba 2017, baada ya kashfa ya kazi walizozifanyia kampuni za familia ya Gupta, wafanyabiashara waliotuhumiwa kwa ufisadi serikalini, na ya ripoti waliyoiandikia mamlaka ya mapato, mkurugenzi mtendaji na viongozi wengine saba waliondoka. Kampuni iliahidi kutoa randi milioni 40 za ada za Gupta kwa mashirika yasiyo ya faida ya elimu na ya kupambana na rushwa, na kuirudishia mamlaka ya mapato randi milioni 23. Ungesema uchafu umefagiwa. Miezi saba haikupita, Aprili 2018, wabia wengine wawili wakajiuzulu wakikabiliwa na mashtaka ya nidhamu: hawakutamka maslahi yao ya kifedha yaliyohusiana na benki ya VBS, mteja wa ukaguzi wa kampuni yao. Siku chache baadaye Mkaguzi Mkuu wa Serikali wa nchi hiyo akasitisha kazi zote alizowapa. Kufika Juni wakatangaza kwamba ajira zipatazo 400 ziko hatarini. Wengi wa waliotishiwa na panga hilo hawakuwahi hata kumwona mtu wa VBS.

Jambo linalokuhusu hapo ni kwamba waliondoa watu kabla ya kujua ni wangapi wengine wamebeba mzigo uleule. Nanyi leo hamjui. Mna wabia wanne waliobaki na neno la kila mmoja, basi.

Kwa hiyo anza na ninyi wanne. Kila mbia aombe taarifa yake ya mikopo kutoka taasisi za taarifa za mikopo, atafute hisa zake BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, aorodheshe na za mwenzi wake na wanaomtegemea, kwa sababu kanuni za kimataifa za wahasibu zinawagusa na hao. Orodha hiyo ailinganishe na orodha ya wateja mhasibu kutoka nje ya kampuni, asiye rafiki wa yeyote kati yenu. Itauma. Mzee mmoja atasema amedhalilishwa. Mwambie vijana watatazama kama alikubali.

La pili ni zile hati safi nne, za miaka minne aliyosaini mwenzenu kwamba hesabu ziko sawa. Hapa naona wengi wanateleza, wanadhani mtu akiondoka na saini yake imeondoka naye. Hati ilitolewa kwa jina la kampuni. Ukiukaji wa uhuru wa mkaguzi unapaswa kujadiliwa na bodi ya mteja na kuandikwa, pamoja na hatua mlizochukua. Kisha mbia ambaye hakugusa kazi ile afungue mafaili yote manne na kupima upya makadirio ya mikopo chechefu, yaani isiyolipwa, kwa kuwa hapo ndipo mkopeshaji mdogo hufichia hasara. Mkikuta jambo ambalo lingebadilisha hati, mrudieni mteja mumweleze. Na kama NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi, hawajasikia kutoka kwenu, waandikieni wiki hii.

Sasa vijana wako. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kupitia mafaili ya kampuni moja iliyopatwa na mkasa kama wenu. Katika karatasi ya kazi ya mikopo nilikuta dokezo la binti wa mwaka wa pili kazini: "Sijaona ushahidi wa malipo ya wakopaji hawa kumi na mmoja." Chini yake, kwa kalamu nyingine: "Limeshaongelewa." Hakuna tarehe, hakuna kiambatisho, halafu saini ya mbia. Nilipomuuliza binti yule, alisema baada ya hapo hakupangiwa tena kazi ya mteja mkubwa. Hakugombezwa hata kidogo. Alielewa, na wenzake wakaelewa.

Nina hakika kwenye mafaili yenu manne lipo dokezo kama hilo. Litafuteni. Mkilipata, mwiteni aliyeliandika mumwambie mbele ya wenzake kwamba alikuwa sahihi na ofisi ilimwangusha. Halafu mtazame ratiba ya kazi: nani anapangiwa nini, na nani anapanga. Semina ya siku mbili haiwezi kushindana na ratiba ya mwaka mzima.

Kuna suala la fedha pia, nalo nitalisema waziwazi. Kama mgawo wenu wa faida unafuata ada aliyoleta kila mbia, mteja mwenye mashaka ana mtetezi mezani kila siku. Kiwango cha ISQM 1, cha kimataifa cha kusimamia ubora katika kampuni za ukaguzi, kinachotumika tangu Desemba 2022, kinataka uongozi uwajibike kwa ubora na utafute chanzo cha kila kasoro. Chanzo chenu huenda kimo ndani ya mkataba wenu wa ubia. Ubora wa mafaili uweze kumpunguzia mbia mgawo, na kiwango cha kupunguza kiamuliwe na mtu wa nje. KPMG Afrika Kusini mwaka 2018 walimpa uenyekiti Profesa Wiseman Nkuhlu, Mwafrika mweusi wa kwanza kufuzu kuwa mhasibu aliyeidhinishwa (chartered accountant) nchini humo, mwaka 1976. Ninyi hamhitaji mtu wa ukubwa huo. Mkaguzi mstaafu mwenye jina safi, anayeingia kikao cha wabia mara nne kwa mwaka na kusoma mafaili anayoyachagua mwenyewe, anawatosha.

Barua kwa wateja wawili mliowapoteza msiiandike sasa. Subirini kazi ya mafaili yale manne iishe, ndipo muwaandikie mlichokikuta, hata kama kinawaaibisha.