Kondoo wala nyasi kutwa, mbona watoto wamekonda?

SWALI: Salaam daktari. Nna kondoo majike saba hapa Mtongwe, nawaachilia wale nyasi toka asubuhi hadi alasiri, lakini wakizaa watoto huwa vidogo, mwezi mzima mbavu zahesabika. Nakosea wapi? Mama Kondoo, Likoni

JIBU: Waalaikum salaam mamangu. Tatizo ni hizo nyasi za kaskazi, zimekauka, zajaza tumbo tu. Kondoo abeba mimba kama miezi 5 na mtoto hukua mbio zile wiki 6 za mwisho, sasa mama akibanwa na njaa hapo, mtoto azaliwa mdogo na maziwa nayo yawa ya kubabaisha. Jioni wakirudi, walokaribia kuzaa watenge uwape pumba za mahindi umechanganya na mashudu (makapi ya mbegu zilokamuliwa mafuta), anza na kiganja kimoja usije ukawavimbisha matumbo, panda polepole mpaka gramu 300 ama 400 kwa kila mmoja, na wakishazaa usikate, endelea wiki 6 hadi 8, manake maziwa hupanda kabisa wiki ya 3 na ya 4. Mwenye mapacha muongeze. Machicha ya nazi ya leo sawa, ya juzi yashachacha, tupa.

Na tafadhali chakula cha kuku usiwape hata kikibaki, mara nyingi kina madini ya shaba ya kumtosha kuku lakini kondoo yaweza kumuua. Maji yawepo, na chumvi ya kulamba.

Watoto wapime kila wiki, mbebe mtoto, panda naye juu ya mizani ya nyumbani kisha utoe uzito wako (hatumwambii mtu).