Tenki linaisha kiangazi hakijafika hata nusu

SWALI: Habari za kazi mhariri. Sisi hatuna kisima wala maji ya bomba, tunategemea mvua tu na yenyewe hainyeshi ya maana, kama milimita 300 kwa mwaka halafu miezi saba kavu kabisa. Tuko watu watano, tenki la lita 5,000, linaisha mapema mno. Fundi anasema niongeze lingine la 10,000. Paa ni la bati, meta 10 kwa 6, gata ziko upande wa mbele tu. Ninunue?

JIBU: Subiri kwanza. Fundi kaangalia tenki, paa hakuliangalia.

Hesabu yake rahisi, milimita moja ya mvua kwenye meta moja ya mraba ni lita moja (pima eneo linalofunikwa na paa ukiwa chini, usipande juu kupima mteremko). Paa lako ni meta 60 za mraba ila kwa kuwa gata ziko mbele tu unavuna nusu yake, 30 mara 300 ni lita 9,000, toa asilimia 20 hivi inayoruka pembeni na kukaukia kwenye bati, unabaki na 7,200 mwaka mzima. Sasa hilo la 10,000 litajazwa na nini?

Funga gata za nyuma kwanza, hapo unafika 14,400 na tenki la pili lina kazi. Ziwe pana, zenye mteremko kidogo, maana mvua za sehemu kavu mara nyingi zinamwaga kwa fujo dakika chache, gata nyembamba inafurika na maji yote yanaishia ukutani.

Ila nisikudanganye. Hata ukianza kiangazi na lita 12,000, gawa kwa siku 210, ni 57 kwa siku nyumba nzima, yaani kama 11 kwa kila mtu. Kunywa, kupika na kunawa sawa, kufua kila siku na choo cha kuflashi sahau. Maji ya kusuuzia nguo yabaki kwenye beseni, ndiyo ya kupigia deki.

SWALI: Maji yetu ya mvua yana vidudu vinajipindapinda, yananyweka?

JIBU: Hivyo ni viluwiluwi vya mbu, tenki lako lina uwazi mahali. Ziba kwa wavu wa matundu madogo, kwenye mfuniko na kwenye bomba la kutolea maji yakizidi (hili watu wanalisahau sana). Mvua ya kwanza baada ya kiangazi usiiruhusu iingie, inaosha vumbi na vinyesi vya ndege. Ya kunywa chuja kisha chemsha, yakishatokota yaache dakika moja, kama mnaishi juu sana milimani tatu. Kitambaa peke yake hakizuii bakteria wote hata ukikikunja mara nne. Na koki ikae juu kidogo ya kitako cha tenki, matope yanatuama chini.