Kuwasha enkripsheni kwenye Rocket.Chat ya ofisini

Kaka kama kwenye Rocket.Chat yenu, ile programu ya kuchati ya kazini, huioni kabisa sehemu ya kufunga meseji (ndiyo enkripsheni, zisomwe na waliomo kwenye chati tu), mara nyingi tatizo si simu yako, ni admin hajawasha, mwambie aingie kwenye setingi za seva atafute E2E Encryption aiwashe kisha aseivu. Akimaliza toka uingie upya, juu litakuja bango linakwambia utunze paswedi ndefu iliyotungwa na sistimu, wengi wanalifunga tu wanaendelea na kazi, wewe ikopi uiweke mahali salama maana siyo ile ya kulogia na ukitumia kompyuta nyingine utaulizwa. Halafu fungua grupu, bonyeza vidoti vitatu, washa enkripsheni. Chaneli ya wazi haikubali, ni grupu za praiveti na chati za mtu na mtu. Meseji za nyuma zinabaki kama zilivyo, zinafungwa mpya tu. Na bosi anayependa kusachi meseji mpe taarifa mapema, seva haiwezi kusachi ndani ya zilizofungwa. Mi ningewasha grupu la mishahara na la menejimenti basi, la utani na michango ya harusi liacheni hivyo hivyo.